Mama mkwe hamwagi mafuta ya karai, nami nimeanza kuogopa

Dada wa safu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga mjini, maeneo ya Ngamiani. Nimeolewa kwenye nyumba ya wakaangaji. Mama mkwe wangu ndiye mwenye karai. Asubuhi tunatoa mihogo na bajia, jioni samaki: changu, kibua, na ngisi wakipatikana. Wateja wetu ni watoto wa shule, bodaboda, na majirani wanaokuja na sahani zao magharibi ikikaribia. Karai hilo limemsomesha mume wangu na ndugu zake wote, na nyumba tunayokaa imetokana nalo, kwa hiyo haya ninayoandika siyaandiki kwa dharau.

Tatizo langu ni mafuta. Sisi hatuyamwagi. Yakipungua tunaongezea. Usiku tunayafunika kwa sinia, asubuhi tunawasha mkaa tunaendelea nayo. Mama anasema mafuta yaliyokwisha kukaangiwa ndiyo yanayowapa samaki wetu ladha. Yakiwa meusi sana anatosa vipande vya viazi na kitunguu, anasema vinavuta uchafu, kisha anayachuja kwa kitambaa. Mafuta yalipopanda bei, shemeji yangu akaanza kutuletea dumu kutoka hoteli moja ambako anafahamiana na mtu wa jikoni. Ni mafuta ambayo wao wamekwisha kuyatumia, wanayatoa, na sisi tunayapata chini ya nusu ya bei ya dukani. Ni mazito, yana rangi ya kahawia. Yakipata moto yanafuka moshi kabla sijatia kitu, na nikitia samaki povu linapanda mpaka linataka kumwagikia mkaa.

Tangu tuanze kuyatumia hayo ya hotelini, macho yananiwasha kila nikikaa jikoni na kifua kimenibana. Kikohozi kikavu kina zaidi ya mwezi sasa. Mama mwenyewe ana presha, anameza dawa. Wanangu wanakula mihogo iliyobaki karibu kila usiku. Majuzi mteja mmoja, mwalimu, alisema mbele ya watu kwamba sisi tunauza saratani. Mwingine akadakia kuwa hayo ni mafuta ya transfoma. Niliumia sana. Nilipomwambia mama, akanijibu, "Nakaanga tangu mume wako hajazaliwa, nani amekufa? Moto unaua kila kitu." Mume wangu naye anasema nisimguse mama yake.

Naomba unieleze. Ni kweli mafuta haya yana madhara? Mafuta mtu ayatumie mara ngapi? Na nimwambieje mkwe wangu bila kuivunja nyumba?

Mkaanga mihogo, Tanga

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa maneno uliyotupiwa mbele ya wateja. Barua yako ina hofu ya mafuta na heshima ya mkwe, na vyote viwili vina haki ya kujibiwa. Nianze na mafuta.

Lipo jambo moja lisilosubiri kikao wala ruhusa ya mtu: dumu la hotelini. Hilo acheni leo. Mtu wa jikoni hayatoi mafuta yale kwa ukarimu, anayatoa kwa sababu yamekwisha kazi. Nyinyi mnaanzia pale wenzenu walipoishia. Hamjui yalikaangiwa nini, kwa siku ngapi, wala yalikaa kwenye chombo gani. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu mafuta yaliyotumika hotelini yapewe hata mifugo, hukusanywa yakatengenezwa dizeli. Hapa kwetu yanarudi kwenye karai, yanamkaangia mhogo mtoto wa darasa la pili. Haiwezekani. Hayo mengine yote uliyoyataja yanaweza kurekebishwa polepole, lakini hili halina polepole.

Sasa tuje kwa kauli ya mama, kwamba moto unaua kila kitu. Kwa vijidudu amesema kweli. Mafuta ya kukaangia huwa na joto la nyuzi 160 hadi 180, na hakuna kijidudu kinachostahimili hapo. Ila madhara tunayoyazungumza hayakuingia kutoka nje, yametengenezwa na moto wenyewe ndani ya karai. Ukitosa kipande cha changu, ule mlio unaousikia ni maji ya samaki yanageuka mvuke. Maji hayo, kwa joto lile, huyavunja mafuta na kuachia asidi, na asidi hizo zikizidi mafuta huanza kutoa moshi kwa moto mdogo kuliko zamani. Ndiyo maana mafuta mapya yanavumilia mkaa mkali bila kufuka, na hayo yenu yanafuka kabla hujatia kitu. Hewa nayo inafanya kazi yake juu ya karai: oksijeni inaingia kwenye mafuta ya moto, inamaliza kwanza vitamini E iliyokuwa ikiyalinda, kisha inazaa sumu za jamii ya aldehaidi. Hizo ndizo zenye ile harufu kali ya mafuta yaliyochacha. Halafu joto linayaunganisha mafuta yaliyovunjika yakawa mazito, yenye kunata. Ule ugando wa kahawia unaoshika pembeni mwa karai, unaousugua kwa stilwaya mpaka kiganja kinauma, ni mafuta yaliyofikia hatua hiyo. Povu lisilotulia, na lenyewe linatoka humo humo.

Viazi na kitunguu havirudishi mafuta nyuma. Vinapunguza harufu na kuokota masizi, basi. Kuchuja ni kuzuri kwa sababu makombo yakibaki yanaungua na kuharakisha uharibifu, lakini sumu zenyewe zimeyeyuka, na kitambaa hakizishiki kama kisivyoshika sukari iliyokwisha kukorogwa kwenye chai. Kuongezea mafuta mapya si kosa kwenye karai lenye kazi nyingi, ambalo mafuta yake yanaisha na kujazwa siku hiyo hiyo. Kosa ni kuongezea bila kumwaga kamwe. Yale ya zamani yanabaki chini yakizeeka, na mapya mnayoyatia yanaharibika upesi kwa sababu yamekutana na mafuta yaliyokwisha kuanza kuoza.

Hata hivyo kwenye ladha mama mkwe wako hajakosea kabisa, na napenda umwambie hivyo. Mafuta mapya kabisa hayatoi rangi nzuri. Wanaosomea mambo ya kukaanga wanakubali kwamba mafuta yaliyokwisha kupata moto kidogo hukaanga vizuri zaidi kuliko yale ya kwanza kufunguliwa. Ila hali hiyo nzuri haikai. Ikishapita, samaki anatoka mweusi nje, laini ndani, na amekunywa mafuta mengi. Mama ameshika jambo la kweli, ameliendesha mbali mno.

Umeuliza kama madhara ni ya kweli. Ni ya kweli, na yanakwenda taratibu, ndiyo maana mtu anakaanga miaka thelathini na kuuliza nani amekufa. Aliyepata kiharusi akiwa na umri wa miaka hamsini na tano, nani atakumbuka bajia? Huko Malaysia, watafiti wa Universiti Kebangsaan Malaysia waliwalisha panya mafuta ya mawese na ya soya. Kundi moja lilipewa mafuta ambayo hayajapata moto, jingine yaliyopashwa mara tano, jingine mara kumi. Panya wa mafuta ya kurudiarudia walipanda presha, na mishipa yao ya damu haikulegea inavyopaswa. Uhispania, kwenye mji mdogo wa Pizarra mkoani Málaga, watafiti walikwenda kwenye majiko ya watu, wakachukua mafuta waliyokuwa wakiyatumia, wakayapima, na watu wenyewe wakapimwa presha. Matokeo yao yalitoka mwaka 2003: kadiri mafuta ya jikoni yalivyokuwa yameharibika, ndivyo presha ilivyoonekana zaidi kwa wenye majiko hayo. Panya si binadamu, na kuona vitu viwili vikienda pamoja siyo uthibitisho kwamba kimoja kimezaa kingine. Lakini mimi, nikiwa na mtu wa presha ndani ya nyumba, nisingesubiri uthibitisho zaidi ya huo. Mama yako anameza dawa asubuhi, jioni anaonja samaki kutoka kwenye karai lile lile.

Yapo na madhara ya karibu: kiungulia, tumbo kujaa, kichefuchefu, wengine kuharisha. Na upo upungufu usioonekana, kwamba vitamini A inayoongezwa kwenye mafuta ya kula viwandani hupungua kila mafuta yanaporudi motoni. Kwa watoto hilo ni hasara.

Kuhusu saratani, mwalimu yule amezidisha, ila hakubuni. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeuweka moshi wa kukaangia kwa joto kali kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi wake ulitoka sana kwa wanawake wa China na Taiwan wasiovuta sigara waliopata saratani ya mapafu, wanawake waliokaa miaka mingi mbele ya karai linalofuka. Unaona hapo nani yuko mbele ya hatari? Wewe unawaogopea wateja, na ni vizuri, lakini mteja anakula kipande kimoja anaondoka. Anayevuta ule moshi tangu alfajiri mpaka usiku ni wewe na mama. Kinachowasha macho na kukwaruza koo kinaitwa akrolini, hutoka kwenye mafuta yanapopata moto kupita uwezo wake. Macho yako yalikuonya mapema kuliko mteja yeyote.

Kemikali nyingine inayotajwa na watu kwa hofu ya saratani ni akrilamidi. Hiyo iligunduliwa kwenye vyakula mwaka 2002 huko Sweden, na haitoki kwenye uzee wa mafuta. Inatokea vyakula vya wanga vinapokaangwa mpaka vikawa vya kahawia iliyokoza. Toeni mihogo ikiwa ya dhahabu, msiikaushe mpaka ikawa kahawia. Yatosha.

Ya transfoma nayo yana mwanzo wake. Kenya iliwahi kuripotiwa kwamba mafuta ya transfoma yanaibwa na mengine yanaishia kwa wakaanga chipsi wa barabarani, kwa kuwa yanakaa motoni siku nyingi bila kubadilika. Hayo si mafuta ya kula yaliyozeeka, ni mafuta ya mitambo, na baadhi ya transfoma za zamani zilitiwa kemikali za sumu ziitwazo PCB, ambazo mkataba wa kimataifa wa Stockholm wa mwaka 2001 unataka zitokomezwe duniani. Sisemi nyinyi mnayatumia. Nasema mtu anayenunua dumu lisilo na lebo, kutoka kwa mtu aliyelipata kwa mtu, hana la kumjibu mteja anayemtuhumu. Ukinunua dumu lililofungwa, likafunguliwa mezani wateja wakiona, hayo maneno yanakwisha yenyewe.

Mara ngapi, sasa. Mamlaka ya chakula ya India inashauri mafuta yasirudiwe zaidi ya mara tatu, na tangu Julai 2018 imeweka sheria kwamba sehemu iliyokwisha kuharibika isizidi asilimia 25. Ufaransa na Uhispania kiwango ni hicho hicho, Ujerumani asilimia 24. Ila vipimo hivyo vinataka kifaa ambacho huna, na hesabu ya "mara" inadanganya mfanyabiashara. Anayekaanga sambusa za familia kwa dakika ishirini akasema mara moja, na wewe unayekaanga tangu sala ya alfajiri mpaka watoto wamekwenda shule ukasema mara moja, hamjasema kitu kimoja. Kinachohesabika ni muda mafuta yaliokaa motoni. Nyumbani, mimi nasema mara mbili, ya tatu iwe mwisho. Kwenye karai la biashara, amini macho na pua yako. Mafuta yakifuka kwa moto uliozoea kuyatuliza, yamwage. Yakitoa povu dogodogo linalopanda na kukawia kushuka, yamwage. Yakining'inia kwenye mwiko wa matundu kwa uzito badala ya kutiririka, yamwage. Rangi peke yake isikutishe, maana samaki waliopakwa bizari na pilipili huyatia mafuta rangi siku ya kwanza, na isikufariji pia, kwa sababu yapo mafuta meupe yaliyokwisha kuharibika. Moshi na povu havidanganyi.

Najua unachofikiri: mafuta mapya kila mara, biashara itakufa. Haifi, ila inataka karai liendeshwe kwa akili, na hapa ndipo pesa yenu inapopotea bila kuiona.

Tazama karai lenyewe kwanza. Pana, kubwa, mafuta mengi yametandazwa chini ya hewa. Kwa kazi ya asubuhi ya watoto wa shule, chukua dogo lenye kina. Mafuta ya kutia yatapungua, na hewa itagusa eneo dogo. Kama karai ni la chuma lenye kutu, libadilisheni mkipata nafasi, kwa sababu kutu na shaba huchochea mafuta kuharibika. La alumini au stenlesi halina tatizo hilo. Mihogo ichemsheni kwanza, muiache ikauke kwenye ungo kabla ya kuitosa, itakaa motoni muda mfupi. Samaki wapanguseni maji. Chumvi tieni baada ya kutoa, au wapakeni mapema halafu muikung'ute, isiwe inamwagika kwenye mafuta. Na mkaa! Wakaangaji wengi huharibu mafuta wakati ambao hakuna mteja. Karai limekaa juu ya moto mkali bila chakula ndani, mafuta yanachemka bure, mkisubiri mtu aje. Likiwa halina kazi lishusheni, au mpunguze mkaa mwache vichache vya kulishikilia joto. Kupima joto si lazima kipimajoto: tosa kipande kidogo cha mhogo, kikipanda juu na mapovu bila kubadilika rangi papo hapo, mafuta yako tayari. Moshi ukionekana, mmepitiliza.

Mafuta ya samaki yawe na karai lake na ya mihogo lake. Kazi ikiisha, subirini yapoe mpaka yawe vuguvugu, chujeni makombo, mtie kwenye chombo safi chenye mfuniko kisichopitisha mwanga, si chupa nyeupe juani, na si kwenye karai chini ya sinia. Siku ya pili yakipita mtihani wa moshi na povu, anzeni nayo. Yasipopita, yametimiza kazi yake.

Aina ya mafuta nayo ina neno. Alizeti ya kawaida ni nzuri kwa mchuzi na kwa kukaanga mara moja, lakini mafuta yake ni ya aina inayovunjika upesi motoni. Mawese yaliyosafishwa, ambayo ndiyo mengi ya haya ya kupima madukani, huvumilia zaidi, ila yana mafuta mengi ya aina inayopandisha kolesteroli, kwa hiyo usimkaangie mgonjwa wa presha kila siku ukadhani umemlinda. Mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani yaache kwa wali na samaki wa kupaka, yanafuka mapema. Na kama mnanunua ya kupima, angalieni muuzaji anayatoa kwenye dumu gani. Wapo wanaochanganya.

Wanao, umeandika, wanakula mihogo iliyobaki karibu kila usiku. Wape ya kuchemsha. Toa vipande vyao kabla hujatosa karaini, watie nazi au chachandu, wataizoea. Cha kukaanga kiwe mara moja moja, kutoka kwenye mafuta ya siku ya kwanza. Na kwa waliyokwisha kula usijitese: mwili wa mtoto hauharibiki kwa mihogo ya msimu mmoja, unachokatisha ni mazoea ya miaka.

Sasa kuhusu mama. Mume wako amekwambia usimguse, na nadhani anaogopa utamwambia mzee wake kwamba maisha yake yote amewalisha watu sumu. Usimwambie hivyo, kwa sababu siyo kweli. Alipoanza kukaanga hakuna mtu aliyemweleza haya, na alichokifanya ni kuitunza senti isimwagike. Mwambie kwa lugha ya kazi, ambayo ndiyo lugha yake. Siku mmefungua mafuta mapya, chota kidogo kwenye glasi, na glasi ya pili utie ya karai la zamani. Chukueni mihogo miwili ya ukubwa mmoja, mmoja ukaangwe kwenye mafuta mapya na mwingine kwenye ya zamani, muda ule ule, kisha iwekeni kwenye karatasi nyeupe. Mtaona upi umeacha doa kubwa. Mafuta yaliyochoka huingia zaidi ndani ya chakula, kwa hiyo karai lenu linakauka upesi na mnaongezea tena. Yeye anadhani anabana matumizi, kumbe mafuta yanaondoka na wateja. Mwache aseme mwenyewe alichokiona. Usiongeze neno.

Shemeji usigombane naye mbele ya mama. Mwambie mumeo amwambie, ndugu kwa ndugu, kwamba dumu lile lisije tena kwa sababu wateja wameanza kusema. Hapo hakuna aliyevunjiwa heshima. Wifi yako, kama yupo mwenye kusikilizwa na mama, mpe barua hii asome. Na mama akikataa kabisa, omba karai moja la mihogo liwe lako, mafuta yake uyanunue wewe na kuyamwaga wewe. Liendeshe hivyo, yeye aone hesabu ya mwisho wa mwezi. Wakwe wengi huwa wagumu wa maneno lakini hesabu wanaisikia.

Mafuta ya kumwaga msiyatie mtaroni, yanaziba na kunuka, wala msiwape kuku. Watengeneza sabuni huyanunua. Hakikisheni mnayempa kweli anatengeneza sabuni, kwa kuwa yakienda kwa mtu mwingine yatarudi sokoni ndani ya dumu lisilo na jina, kama lile la shemeji. Mkitaka kutengeneza wenyewe, tafuteni mtu wa kuwafundisha kwanza. Kostiki, ile kemikali ya kutengenezea sabuni, inaunguza: vaa glavu, watoto wakae mbali, na daima unatia kostiki kwenye maji, usimwage maji juu ya kostiki.

Mwisho ni wewe. Kikohozi cha zaidi ya mwezi si cha kuvumilia. Hamisheni jiko mkae upande ambao upepo unapeleka moshi mbali nanyi, na siyo kwenye kile kibaraza kilichofungwa kwa turubai pande tatu kama vibanda vingi vilivyo. Lakini usiweke lawama zote kwa mafuta ukabaki nyumbani. Kikohozi kikipita wiki mbili hapa kwetu mtu anatakiwa apimwe kifua kikuu, hata kama sababu anayoidhania ni nyingine. Nenda kituo cha afya, waeleze kazi yako na ule moshi, utoe makohozi wakapime. Mwombe mama mwende pamoja, naye akapimwe presha, wamwambie kama dawa anayomeza inamtosha. Asiiache wala asiipunguze kwa kuwa mmebadili mafuta. Akiwa pale mezani kwa muuguzi, mwache muuguzi amuulize anakula nini. Jibu atalitoa mwenyewe, wewe utakuwa umekaa pembeni.